Plagi ya Sebuleni

Ramadhani ya 2024 mama mkwe alitoka Pangani kuja kufunga nasi hapa Makorora, Tanga, na katika mizigo yake mlikuwa na blenda. Soketi ya jikoni kwetu ilikuwa imekufa siku nyingi. Nzima ilikuwa ya sebuleni, nyuma ya kabati la vyombo, na hapo ndipo ilipochomekwa seva ya nyumba.

Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu ya mezani niliyoinunua mtumba, haina kioo wala kibodi. Mama watoto huifunika kitambaa isiingie vumbi, nami hukiondoa isichemke. Niliiweka kwa sababu ya picha. Tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo; mpya zote zikaanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15, pamoja na baruapepe. Sisi tulikuwa na harusi, arobaini za watoto, na mwaka wa mwisho wa marehemu baba. Niliona vitu kama hivyo vikae nyumbani, kwenye diski ninayoweza kuishika mkononi, na leo bado naona hivyo.

Nikasimika Immich, programu huria ya picha. Simu ikishika Wi-Fi ya nyumbani, picha hunakiliwa zenyewe kwenye seva. Tena inatambua sura: mtu ukimpa jina, inamkusanyia picha zake. Tulikaa miezi tukitaja majina. Simu ya mama watoto ilipojaa, nilimwambia afute tu, kila kitu kiko salama. Neno hilo nililitamka mimi.

Basi kila siku baada ya alasiri mama mkwe alichomoa plagi, akachomeka blenda, akasaga pasheni na tikiti, kisha akairudisha plagi vizuri kama alivyoikuta. Tukafuturu kwa juisi baridi na kumwombea dua. Nani alikuwa amemwambia kwamba boksi lile lililofunikwa kitambaa halizimwi kama taa? Ndani yake kuna kanzidata inayoandika wakati wowote, na diski yetu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, kichwa cha kusomea kikielea juu ya sahani yake kwa mwanya mwembamba kuliko unywele. Umeme ukikatwa ghafla, kichwa hicho hurudi kwa kishindo. Diski huvumilia mara nyingi. Yetu haikuwa changa.

Katika kumi la pili, usiku wakati wa daku, nikasikia tk, tk, tk nyuma ya kabati. Sikula tena.

Asubuhi mama akanikuta nimeketi sakafuni na bisibisi. "Baba, ni mimi?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekaa kimya." Akaingia chumbani, na siku ile hatukunywa juisi. Hilo liliniuma kuliko diski.

Nakala ilikuwepo, kwa dada yangu Korogwe, kwenye diski niliyompelekea Desemba. Ikaletwa na basi. Picha zikarudi, ila za miezi mitatu hazikuwemo. Chache tuliombaomba kwa ndugu kwenye WhatsApp, zikaja zimefifia, maana huko picha hubanwa ili zisafiri upesi. Tena nilikuwa nimenakili picha peke yake, bila kanzidata. Majina yote yakawa yamepotea. Maelfu ya sura zilitutazama, hakuna hata moja yenye jina.

Hapo ndipo mama alipovuta mkeka. Kila baada ya tarawehe tulikaa, mimi na simu, yeye na miwani, watoto pembeni. "Huyu mmemwandika shangazi? Sivyo. Huyu ni mdogo wake. Tazameni kidevu." Kweli, programu ilikuwa imewachanganya ndugu wawili, nasi tukakubali. Mama alitutajia watu wa harusini ambao mimi, bwana harusi, sikuwahi kuwajua: nani alipika, nani alikopesha majamvi, nani alikufa mwezi uliofuata. Watoto waliandika. Kazi iliisha siku mbili kabla ya Idi.

Fundi ameshaitengeneza soketi ya jikoni. Plagi ya sebuleni ina karatasi yenye mwandiko wa mama watoto: USICHOMOE, BABA YUMO HUMU. Nawe mwenye seva nyumbani, waonyeshe leo wote wanaolala chini ya paa lako plagi yake ni ipi, na mgeni akifika mwonyeshe kabla hajafungua mizigo.

Diski ya akiba iliondoka jana kwa basi la Korogwe. Safari hii kanzidata imo.