Trekta la Mama

Nyumbani kwetu Karatu, trekta liligawanya ukoo hata kabla halijanunuliwa. Baba Mdogo alisimama na Ford 5000. Kaka yangu alisimama na Massey Ferguson 165. Mama, mwenye shamba na mwenye fedha zilizotokana na mbaazi na ngano, alitaka Massey Ferguson 135. Shangazi hakuwa na upande. Shida yake ilikuwa mashine ya kupukuchulia mahindi, na trekta lolote lingeweza kuizungusha.

Hoja ya wanaume ilikuwa nguvu. Ford 5000 ina silinda nne na nguvu za farasi 65 au zaidi. 135 ina silinda tatu na farasi kama 45. "Shemeji, hilo ni la kubebea maji," Baba Mdogo alimwambia Mama. Mama hakubishana naye. Alimwuliza: shamba letu ni eka ngapi? Kumi na mbili. Limelalaje? Limeinama kuelekea korongoni. Fundi wetu wa pale sokoni amefungua injini ipi mara nyingi kuliko zote? Baba Mdogo alijua majibu yote, ndiyo maana akanyamaza.

Mimi nilikuwa upande wa Mama na ningali huko. Udongo wetu ni mwekundu wa mfinyanzi: wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, na mvua ikinyesha unateleza. Trekta zito likipita juu yake ungali na maji, linaushindilia hadi mizizi inashindwa kupenya. Eka 12 hulimwa vizuri kwa plau ya diski mbili, na kazi hiyo 135 inaimudu. Nguvu inayobaki bila kazi hulipiwa dizeli bure.

Tena 135 ina ukoo wa kuaminika. Babu yake ni Ferguson TE20, lile trekta dogo la kijivu lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini na matrekta ya aina hiyo Januari 1958. Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland, aliona kwamba jembe lisiburutwe nyuma kwa mnyororo bali lishikwe na mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ili trekta na jembe viwe kitu kimoja. Mfumo huo ndio uliomo katika 135, iliyoanza kutoka kiwandani 1964. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu haikufa na miaka hiyo: wajukuu wake wameendelea kuundwa Pakistan na India. Ndiyo sababu gasketi, filta na ringi za pistoni zinapatikana Arusha hadi leo, na ndiyo sababu fundi wetu anaifungua bila kuuliza mtu.

Tukaenda kuangalia trekta la kwanza la aina hiyo. Lilikuwa limepakwa rangi nyekundu mpya, hata boliti zimepakwa. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Mama alisema kwa sauti ya chini, kisha akaweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya moto. Mwenye trekta alikuwa ameliwasha mapema ili litii mbele yetu. Mama akaomba chai, akakaa, akasubiri injini ipoe. Ilipopoa, ilikataa kuwaka kwa muda mrefu, na ilipowaka ikatoa moshi mweupe usiokwisha. Kijiti cha kupimia oili kilitoka na rangi ya maziwa, maana yake maji yameingia ndani. Plau iliyoinuliwa ilishuka yenyewe mara injini ilipozimwa. Haidroliki ilikuwa imechoka. Kaka alianza kusema kwamba hayo yote hutengenezwa. Mama alishukuru kwa chai, akaaga.

La pili lilikuwa limefifia rangi, mali ya mkulima aliyekuwa akilitumia wiki ileile. Liliwaka likiwa baridi. Oili yake ilikuwa safi, mikono ya nyuma ilishikilia plau juu injini ikiwa imezimwa, na namba iliyochongwa kwenye chuma ililingana na ya kwenye kadi. Bushi za ekseli ya mbele zilikuwa zimelegea, usukani ulikuwa na mchezo, na tairi za nyuma zimeisha meno. Kila kasoro Mama aliipigia hesabu na kuitoa kwenye bei. Baba Mdogo mwenyewe alikiri kwamba hesabu ilikuwa ya haki.

Trekta lilipofika nyumbani, majirani walijaa uani. Kaka alitaka kumwonyesha Baba Mdogo kwamba hao farasi 45 si wa kuchotea maji. Kando ya banda la kuku palikuwa na kisiki cha mkaratusi kilichotushinda kwa mashoka. Akafunga mnyororo kwenye kisiki, na ncha ya pili akaifunga juu, pale unapochomekwa mkono wa tatu. Akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi.

Kisiki hakikutikisika. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyoinuka.

Hii ndiyo hatari ambayo kila nyumba yenye trekta kuukuu inapaswa kuifahamu. Tairi za nyuma zikishika ardhi na mzigo ukakataa kuja, injini hulizungusha trekta lenyewe juu ya ekseli yake. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli, unalivuta lipinduke kinyumenyume juu ya dereva, kabla mtu hajamaliza kuita jina lake. Ukifungwa chini, kwenye chuma cha kukokotea, mvuto huohuo husaidia kuizuia pua ya trekta isiinuke. Mkono wa juu wa Ferguson, ukiwa na plau, hufanya kazi hiyo ya kusukuma mbele na chini; ukitumiwa kama kigingi cha mnyororo, unaua.

"Klachi! Kanyaga klachi!" Mama alipiga kelele. Kaka alikanyaga. Pua ikashuka kwa kishindo, trekta likaanza kurudi nyuma kwenye mteremko. Akakanyaga breki, lakini 135 ina breki mbili, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya kulia, na kitasa cha kuziunganisha kilikuwa wazi. Gurudumu moja lilisimama, lingine likaendelea. Trekta likageuka na kuingia ubavuni mwa banda. Kuku wakatawanyika hadi barabarani, Shangazi akimwita Mungu, watoto wakiwafukuza kuku. Kaka alishuka akitetemeka, mzima. Baba Mdogo alikwenda moja kwa moja kumkumbatia, kisha akawa wa kwanza kurudi na jogoo mkononi.

Jioni ile Mama aliweka sheria, na zinatawala hadi leo. Mnyororo ufungwe chini tu. Breki ziunganishwe barabarani na wakati wa kuvuta. Zitenganishwe shambani tu, wakati wa kukata kona. Hakuna abiria kwenye madigadi, hata mtoto wa mwenye nyumba. Na kwa kuwa trekta letu halina chuma cha kumkinga dereva likipinduka, kipande cha shamba kinachoinama korongoni kitaendelea kulimwa na maksai.

Msimu ulipofika, tulilima kwa wakati. Fundi wa sokoni alibadilisha bushi za mbele kwa spea alizokuwa nazo dukani. Mashine ya Shangazi ilifungwa kwenye shafti ya nyuma inayozunguka mara 540 kwa dakika, na mahindi ya majirani yakaanza kuletwa kwa zamu, kwa malipo yanayonunua dizeli.

Kwa hiyo anayetafuta trekta kuukuu kwa shamba dogo, nguvu za farasi aziulize mwisho. Kwanza aulize ardhi yake imelalaje, spea ziko umbali gani, na nani atakayelipanda. Huyo atakayelipanda afundishwe mnyororo na breki kabla ya kukabidhiwa ufunguo, kwa sababu bushi hununuliwa dukani na banda hujengwa upya, lakini mwana hanunuliwi.