Mjomba, Huku Tunasomea Ng'ombe



Mjomba, mimi niko huku Aberystwyth, Wales. Nasikia kijiweni wanauliza hii shahada yangu ya Kiwelisi na Kiayalandi ni kitu gani. Waambie mpwa wako anasomea ng'ombe.

Sitanii. Muhula huu tunasoma Táin Bó Cúailnge, hadithi ya kale ya Ayalandi kuhusu wizi wa ng'ombe. Malkia Medb na mumewe Ailill wako kitandani, wakaanza kubishana nani tajiri zaidi. Vikaletwa vyombo, pete, kondoo, farasi: ngoma droo. Mume akashinda kwa fahali mmoja mwenye pembe nyeupe. Dume huyo alizaliwa katika kundi la malkia, akakataa kumilikiwa na mwanamke, akahamia kwa bwana! Medb akatuma wajumbe kwenye ufalme wa Ulster kuazima dume wa kahawia. Wakakubaliwa, wakanyweshwa pombe, wakaropoka kwamba hata wangenyimwa wangemchukua kwa nguvu. Mwenye dume akaghairi, na vita ikaanzia hapo.

Mashujaa wa Ulster wako wapi? Wamelala, wanaugua uchungu wa kuzaa! Waliwahi kulaaniwa na mama mmoja aliyelazimishwa kushindana mbio na farasi akiwa na mimba pevu. Akabaki kijana mmoja, Cú Chulainn, sungusungu wa peke yake mbele ya jeshi zima. Mwishowe madume wakakutana, na fahali wawili hawakai zizi moja: wa kahawia akamuua mwenzake, akarudi kwao, naye akafa.

Nakala kongwe iliyobaki iliandikwa na watawa yapata mwaka 1100, juu ya ngozi ya ndama. Kitabu chenyewe kimepewa jina la ng'ombe, na kinatunzwa Dublin kama mboni ya jicho.

Hawa wa Wales nao kila Agosti wana tamasha lao, Eisteddfod. Bingwa wa mashairi ya arudhi hupewa zawadi ya kiti. Si bodaboda, si kiwanja, kiti! Huko kwetu Usukumani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinagombea umati. Hawa wanagombea pa kukaa. Na asipopatikana anayestahili, kiti hakipewi mtu.

Kuhusu ajira ya shahada hii, tutaongea. Kwa sasa naomba Jumapili mumkalishe Babu, asimulie habari za wezi wa ng'ombe wa enzi zake, na mtoto mmoja arekodi kwa simu. Asimulie kwa Kisukuma, na msimkatize.