Karudi Mwenzetu, Tuliobaki Tukome

Mtu anayeandaa mishahara ya watu wanaomzidi mshahara anastahili kuombewa. Ndiyo kazi inayonilisha hapa ofisini kwetu, Barabara ya Nyerere, katikati ya mabohari, vumbi na malori. Kila mwisho wa mwezi nateremka na orodha ya majina, nakata vya kukatwa, najumlisha vya kujumlishwa, kisha nafunga mdomo. Mwezi uliopita nilipofika kwenye jina la mwenzetu aliyerudi, nilidhani nimebandika namba ya simu kwenye safu ya mshahara. Nikahakiki. Ulikuwa mshahara. Siruhusiwi kuutaja na siutaji. Niseme tu kwamba siku hiyo chapati ya saa nne niliiacha sahanini, na wanaonifahamu wanajua uzito wa taarifa hiyo.

Alipoondoka hakuondoka kimyakimya. Alikuwa afisa mauzo wetu wa Kariakoo, anayejua kila duka la jumla kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Livingstone, nani hulipa akidaiwa na nani hulipa akitishwa. Kampuni moja ya Masaki ikamnyemelea, naye akanyemeleka. Barua ya kuacha kazi aliichapa kwa karatasi ya ofisi, wino wa ofisi na muda wa ofisi. Zile siku 28 za notisi ambazo sheria inamtaka mtu wa mshahara wa mwezi azitumikie, alizitumia kutusikitikia. Alikuwa anapita meza kwa meza akiuliza, kwa sauti ya mtu anayetembelea wagonjwa, "Kaka, wewe bado upo upo tu hapa?" Kule aendako, alisema, kuna kahawa ya mashine, viti vinavyozunguka na bima ya afya inayowafikia hata wakwe. Sisi tutazeekea hapa tukihesabu katoni.

Tukamfanyia na sherehe. Kwa kawaida ya Watanzania, mtu akikutukana vizuri unamchangia. Ikaundwa kamati, na dada wa utumishi akawa anarusha majina kwenye kundi la WhatsApp, waliolipa wamewekewa alama ya tiki, wasiolipa wamewekewa nafasi tupu inayoonekana kuliko tiki. Shilingi 20,000 kila mmoja. Ikapikwa pilau, ikakatwa keki, akanunuliwa zawadi ya begi la safari la magurudumu. Ningejua begi lenyewe litarudi mapema vile, ningeshauri tukodi.

Mimi nilijaribu kumsaidia, jamani. Mtu wa mishahara ana macho ambayo wengine hawana. Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Kaka, hiyo laki nne wanayokuongeza, tuipitishe kwanza kwenye kikokotoo kabla hujaanza kuila." Maana yeye alikuwa ameshaipigia hesabu nzima, na kiwanja cha Chanika ameshakitolea maneno. Sasa tazama. Kwa mtu ambaye mshahara wake umeshavuka milioni moja na ushee, nyongeza yote inaangukia ngazi ya juu kabisa ya kodi, asilimia 30. NSSF wanatangulia na asilimia 10 yao: 40,000. Hizo tusizilalamikie, ni zake, atazikuta uzeeni. Zinabaki 360,000, TRA wanaondoka na 108,000. Halafu inakuja Bodi ya Mikopo, ambayo haijasahau kwamba ndiyo iliyomsomesha Mlimani, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 60,000. Laki nne imeshakuwa 192,000, na mwenyewe bado hajapanda daladala.

Akanitazama kwa huruma, akaniambia hizo ni hesabu za mtu aliyekata tamaa.

Haya. Anaishi Gongo la Mboto. Kuja kwetu alikuwa anapanda gari moja, anashuka, anavuka barabara, kafika. Masaki ni kuamka saa kumi alfajiri, kuunganisha magari, kusimama safari nzima na suruali iliyopigwa pasi ikifika imeshakuwa ya juzi, na siku akichelewa ni bodaboda kutoka Posta. Mchana kwetu kuna mama ntilie anayejua nani hapendi bamia, na ambaye deni analiandika kwenye daftari bila kukukunjia uso mpaka tarehe ishirini na tano. Kule wanakula sahani ya majani inayouzwa kwa bei ya kuku mzima, na kuku mwenyewe hayumo. Mashati nayo. Huwezi kukaa kwenye kiti kinachozunguka na shati la mtumba lenye jina la shule ya Marekani kifuani. Mpaka mwezi unaisha, ile 192,000 ilikuwa inamdai yeye.

Kilichomtisha zaidi, lakini, hakikuwa pesa. Walimweka kwenye majaribio ya miezi sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkinga mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo halali, ila kinga hiyo haimfikii ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Kwetu alikuwa ameivuka zamani, anamjibu mkurugenzi huku anakula karanga. Kule akaanza upya kama mwanafunzi wa mafunzo kazini, anamwamkia kila mtu shikamoo, hadi mlinzi wa umri wa mwanawe. Malengo ya mauzo yalikuwa yanabadilika kila Jumatatu. Bosi alikuwa anapiga simu usiku wa manane kuuliza mambo yaliyoandikwa kwenye barua pepe aliyotumiwa mchana. Haya yote ameyasema yeye mwenyewe, akiongea na mkewe kwenye simu. Mimi si mchunguzi. Nilikuwa nimesimama tu karibu na mlango.

Dalili za mtu anayetaka kurudi hazifichiki. Alianza kupenda kila picha tunayoweka kwenye status, hata ya lori lililoharibika. Akaanza kupita mchana, siku ya kazi, eti alikuwa na shughuli Tazara. Mtu wa Masaki ana shughuli gani Tazara saa saba mchana? Anakaa kwa mama ntilie, anaagiza wali maharage, anauliza, "Hivi ile nafasi yangu mlimpata mtu?" Anauliza kama anayeulizia hali ya hewa.

Nafasi haikuwa imepata mtu. Kijana aliyeajiriwa aliingia Kariakoo mara moja, akakopesha mzigo kwa maneno matamu, hajaonekana tena na mzigo haujaonekana. Kazi ikagawiwa kwetu. Fungu kubwa likaangukia mezani kwangu kwa sababu, alisema mkurugenzi, mimi ni mtu wa hesabu na madeni ni hesabu. Mishahara asubuhi, Kariakoo mchana, jua la utosi, nabembeleza Wapemba na Wachaga walipe ankara. Posho ya kukaimu? Niliambiwa ofisi inatambua mchango wangu. Nimeutafuta huo utambuzi kwenye kila kifungu cha malipo ninachokiandaa kwa mkono wangu mwenyewe, sijauona.

Basi mkurugenzi akamwita. Wakafunga mlango, tukasikia vicheko. Kesho yake kwenye kundi la WhatsApp, dada wa utumishi akamwongeza, na maua yakamiminika: karibu nyumbani, karibu nyumbani. Siku yake ya kwanza alifungua mafaili ya Kariakoo, akatikisa kichwa, akauliza mbele za watu, "Nani alikuwa anashika hizi? Mbona amezivuruga?"

Nikaenda kuangalia kama maji ya tenki yamejaa. Yalikuwa yamejaa.

Vijana wa bohari wamembatiza jina la Ritani, na mjadala wao kuhusu suala hili haujaisha. Mshabiki wa Simba anamtetea. Anasema Okwi aliuzwa Tunisia mwaka 2013, akaja kuibukia Yanga, akarudi Simba, akaenda Denmark, na 2017 akarudi Simba tena akashangiliwa. Chama alikwenda Berkane ya Morocco 2021, Januari 2022 alikuwa ameshavaa jezi nyekundu. Yule wa Yanga anamjibu kwa Miquissone: aliondoka Msimbazi 2021 kwenda Al Ahly akiwa moto, aliporudi 2023 watu wakabaki wanamtafuta yule waliyemsindikiza. Mwanasiasa naye akatajwa, maana hatuna mjadala usiofika huko. Hayati Lowassa alihama CCM Julai 2015, akagombea urais kwa tiketi ya Chadema, na Machi 2019 akapokewa tena Lumumba. Sikia sasa shida yangu na mifano yote hiyo. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mchezaji wa benchi aliyebaki msimu mzima akibeba mipira. Huyo hana jina. Huyo ndiye mimi.

Mama wa mapokezi, ambaye ni mwanakwaya, aliniona nimenuna akanikumbusha mwana mpotevu. Nikamwambia, mama, Luka 15 naijua, ila mimi huisomea upande wa kaka mkubwa. Kaka mkubwa alikuwa shambani. Amekuja kutoka kazini anasikia ngoma, anaambiwa ndama aliyenona amechinjwa kwa ajili ya aliyetapanya, na yeye miaka yote hajapewa hata mwanambuzi afurahi na rafiki zake. Tena Luka hakutuambia kama aliingia ndani kula au alilala nje. Kwa maoni yangu alilala nje, na kesho yake akaambiwa akaoshe masufuria.

Nisionekane mwenye kijicho, ofisi ina hoja yake na ninaielewa. Mtu mpya anahitaji kufundishwa programu ya stoo, wateja, njia, na lugha ya mkurugenzi ambayo nusu yake ni kukohoa. Ritani anayajua yote. Wamemlipa bei ya soko kwa sababu ametoka sokoni. Sisi tuliobaki hatuna bei ya soko. Nyongeza yetu ni ile ya kila Julai, ikija, na ikija huja imechoka.

Nilijikaza nikaenda kwa mkurugenzi. Nikaeleza kwa adabu, bila kutaja jina wala tarakimu, kwamba ingependeza ofisi ikawatazama na waliobaki. Akanishika bega. "Wewe ni mtu wetu," akasema, "wewe hatuna wasiwasi na wewe." Nimekuwa nikiitafakari hiyo sentensi. Kila nikiigeuza, upande wa chini imeandikwa: huendi kokote.

Vijana wa bohari wananishauri niondoke kidogo, nikae huko mwezi au miwili, nirudi na bei mpya. Shauri zuri, lakini lina tundu. Ritani aliitwa na Masaki. Mimi sijaitwa na mtu. Nikiondoka kwa mguu wangu nitakaa nyumbani, na mke wangu ana orodha ndefu ya mambo ya kurekebisha pale nyumbani ambayo inasubiri kwa hamu nikose kazi. Isitoshe, naogopa wakigundua ndani ya wiki kwamba mishahara inaweza kuandaliwa na kompyuta peke yake.

Kwa hiyo nabaki. Namtengenezea Ritani slipu yake kila mwezi, namkata makato yake yote bila kumsamehe senti, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo naikata kwa mkono wenye furaha kidogo, Mungu anisamehe.

Ninalo ombi moja tu kwenu mnaopanga kuacha kazi mwaka huu, wa ofisini kwangu na wa kwingineko. Nendeni, heri na iwe nanyi, pilau pikeni. Ila mchango wangu msiuombe siku ya kuaga. Maliza kwanza miezi sita ya majaribio huko uendako, uthibitishwe kazini, uniletee nakala ya barua yenye muhuri. Hapo shilingi 20,000 yangu utaipata, na ya begi nitaongeza.