Dawati na Kigoda kwa Fundi wa Makambako

Fundi seremala alipokwenda kula, vitu viwili alivyoviacha nje ya karakana yake Makambako vikaanza kusemezana. Kimoja kilikuwa dawati la sekondari moja ya Njombe, mguu umekatika. Cha pili ni kigoda cha jikoni chenye ufa.

“Kamwene, bibi,” akasalimu Dawati. “Mimi ni mali ya serikali. Nina namba ubavuni.”

“Kamwene, mjukuu wangu. Na mguu wa serikali kauvunja nani?”

Dawati akababaika. Wanafunzi walikuwa wanaigiza *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, tamthiliya ya Edwin Semzaba iliyochapishwa mwaka 1988. Shule haina ukumbi. Madawati yakasogezwa, darasa likawa nyumba ya Mzee Mitomingi. Dawati alikuwa mlango, na Ngoswe aliupita kwa pupa.

“Kumbe darasa nalo huwa nyumba!”

“Na nyumba huwa ofisi, bibi. Mitomingi ni balozi wa nyumba kumi; kwake wanaishi wake zake na serikali pia. Ngoswe, karani wa sensa, kaja kuhesabu watu, kampenda Mazoea, binti wa mwenyeji, akamtorosha. Karatasi za sensa zikatiwa moto.”

“Zilikuwa wapi?”

“Huko huko nyumbani.”

“Basi! Ofisini kuna mihuri. Moto uko kwetu. Mwalimu wenu kawaambia hilo?”

“Mtihani hauulizi jiko. Unauliza dhamira na wahusika.”

Kigoda akaguna. Alikumbuka sensa ya Agosti 2012, Njombe ikiwa mkoa mchanga, umemegwa kutoka Iringa mwaka huo huo. Karani alimkalia akauliza nani mkuu wa kaya. Akaandikwa bwana mmoja aliyekuwa kwenye kochi, ambaye hadi leo hajui chumvi inawekwa wapi. Kisha likaja swali la nishati ya kupikia, bwana akageuka kumtazama mkewe.

“Hayo ya zamani,” akajitutumua Dawati. “Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi. Hakuna karatasi ya kuchoma.”

“Kweli. Chaji ilipoisha, karani akaja kuomba umeme jikoni.”

Dawati akanyamaza kidogo. “Ila Mazoea angehesabiwa wapi? Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa.”

“Hapo karani hana haja ya kuuliza,” akasema Kigoda. “Anapajua.”