Namna ya Kuwa Mwandishi Lushoto Bila Kuchafua Karatasi

Anzia Mombo. Huwezi kuwa mwandishi ukiwa huku chini kwenye joto na mashamba ya mkonge. Sharti upande kilomita 33 za kona, roho ikikupanda pamoja na gari, mpaka ufike Lushoto, penye ukungu. Wadachi waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakawa wanakuja kupunga hewa. Wewe nawe unakuja kupunga hewa, ila kwa watu utasema umejitenga uandike. Nunua daftari zuri, na lisiwe na mistari. Mistari hushurutisha.

Ndani ya gari konda atagombana na mama mmoja juu ya nauli ya tenga la nyanya. Abiria watagawanyika pande mbili. Mzee wa kiti cha nyuma, ambaye tangu Mombo ulidhani amelala, ataingilia kati na kutoa hukumu. Tenga litasafiri bure, na konda ndiye atakayecheka kuliko wote. Usisikilize. Vaa hedifoni zako. Umekuja kutafuta mada, hayo ni mambo ya nyanya.

Ukishapata chumba chenye baraza, agiza chai ya tangawizi, kisha nenda Irente ukakae kwenye ukingo wa mwamba. Piga picha ya daftari, nyuma yake lionekane bonde. Andika chini ya picha: "Kazi inaendelea."

Ila tahadhari, usitazame chini kwa muda mrefu. Pale bondeni ni Mazinde, alikokuwa na mji wake mtawala Semboja, na kwenye baraza la Semboja alikaa mtu wa pwani aitwaye Abdallah bin Hemedi. Huyu ni mtu wa kuudhi sana. Aliishi katikati ya vita na fitina za watawala, Wadachi walipoingia akawatumikia nao, na juu ya yote hayo akaandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, kitabu kizima, mambo ya wazee na ya wakati wake. J. W. T. Allen alikihariri, East African Literature Bureau wakakitoa 1962. Hakuna mahali tunaposikia kwamba alihitaji baraza linalotazama machweo. Na usidhani ukiteremka mpaka Tanga mjini utapata nafuu, maana huko utakutana na Shaaban Robert: karani wa forodha tangu 1926, mwajiriwa wa serikali ya kikoloni karibu maisha yake yote, na Kusadikika kimetoka 1951 angali kazini. Watu hawa wawili wasitajwe mbele ya yeyote uliyemwambia kwamba huandiki kwa sababu umebanwa na kazi.

Fasihi ikikuchosha (na itakuchosha, hasa ukiwa hujaianza) hamia kwenye filamu. Sema unaandika skripti. Mtu wa skripti haulizwi kurasa, anaulizwa bajeti, na kwa kuwa bajeti hakuna, umepona. Lalamika kwamba Bongo Movie hawana visa. Lalamikia hapohapo Usambara, ukiwa umeketi juu ya kisa cha Mbegha: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, ndugu zake wakamwona mkosi, akaondoka Nguu na mbwa wake, akaingia milima hii akiwinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, nyama akaigawa, hakuiuza, akaua simba, wakampa jina la Simba, kisha wakampa mke na utawala, na Vuga ikawa makao ya wajukuu zake. Mkosi, safari, mnyama, mapenzi, kiti. Kijana yeyote wa kibanda umiza angekaa kwenye benchi bila mgongo mpaka mwisho, na akina Lufufu, wale wanaotia sauti zao juu ya filamu za kigeni, wasingekuwa na la kuongeza. Wewe andika kisa cha mpelelezi wa New York. Hujafika New York, lakini na huku kijijini kwa Mbegha umefika lini?

Kwenye gemu nako kuna hifadhi nzuri. Ingia kibanda cha PlayStation karibu na stendi, ukiulizwa useme unachunguza muundo wa visa. Vijana watakufunga mabao saba. Mbegha, kwa taarifa yako, ni gemu tayari: hatua ya nguruwe, hatua ya simba, na ile hatua ngumu ya kugawa nyama bila kumsahau mzee yeyote. Usimwambie mtu, asije akaitengeneza.

Ukikosa pesa, uza hadithi kwa WhatsApp. Sehemu kumi na mbili za kwanza bure; ya kumi na tatu, shujaa akiwa ameshika kitasa cha mlango, weka namba ya kutumia pesa. Na kila mwaka ahidi kwamba utapeleka mswada Tuzo ya Mwalimu Nyerere, wanakotoa milioni 10 kwa mshindi wa kwanza. Tuzo hutolewa Aprili. Mwezi Machi nunua daftari jipya.

Hatari kubwa hasa ni majirani. Mimi ilinikuta asubuhi, barazani, chai haijapoa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wewe mwandishi."

Nikaona sifa imefika. Nikasema ndiyo, bibi.

"Basi niandikie barua kwa mwenyekiti. Ng'ombe wa jirani ameingia shambani kwangu, amekula kabichi."

Nilifungua lile daftari kwa mara ya kwanza tangu Mombo. Nikaanza na ukungu uliolala juu ya milima ya Magamba. Nikamsomea. Bibi akanitazama kwa huruma.

"Ukungu umekula nini?"

Nikafuta ukungu. Akaniuliza mbona sijaandika ng'ombe ana kovu pembeni, mwenyekiti atamjuaje? Nikaandika kovu. Akataka kabichi zihesabiwe, kumi na nne, na siku itajwe, na lile neno "masikitiko" litoke kwa kuwa yeye hasikitiki, amekasirika. Barua ikabaki mistari sita. Akaweka kidole, akaniachia peasi tano juu ya meza, akashuka.

Nilikuwa kwenye peasi ya pili jirani alipobisha hodi. Alikuwa ameshapata habari kwamba mwandishi yupo, na yeye anataka jibu.