Mhadhara Kuhusu Elimu ya Kupanda Mlima Elgon kwa Kujitegemea, Kama Inavyofundishwa Iguhu

Usafiri wa kujitegemea, fani ambayo mtaalamu wake pekee kati ya mto Yala na steji ya Iguhu ndiye anayetoa mhadhara huu, ni ule wa mtu asiye na kampuni ya kumpangia safari wala gari la kumngoja, bali anayejilipia nauli, anayejibebea mzigo na kupotea kwa gharama yake mwenyewe, ingawa katika kupatikana huwa hana budi kuwategemea wengine. Wapo wanaodhani kwamba elimu hii hupatikana kwa kusafiri. Rai hiyo imewapotosha vijana wengi wa Idakho, eneo la kaunti ya Kakamega ilimo Iguhu, kwa kuwa kutembea ni kazi ya miguu, na miguu haijawahi kutunukiwa shahada na chuo chochote. Elimu halisi hukusanywa na mtu aliyetulia, mwenye chai na mandazi mezani, ambaye wasafiri humpitia wakienda na kumpitia tena wakirudi.

Mlima unaohusika ni Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, volkano iliyozimika iliyokaa mpakani mwa Kenya na Uganda. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321 na kipo Uganda, ilhali wapandaji wengi wa upande wa Kenya huishia Koitobos, mita 4,222. Iguhu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo hesabu ya mtaalamu inapowaacha wapinzani wake vinywa wazi: mkazi wa Iguhu aliyelala kitandani mwake amekwisha kuupanda mlima kwa zaidi ya theluthi moja, jambo ambalo mgeni anayeanzia Hamburg hawezi kulidai hata awe amevaa viatu vya bei gani. Kilichobaki ni kumalizia tu, kwa kupitia Kakamega, Malava, Webuye, Kitale na Endebess hadi lango la Chorlim, ambalo ni mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968 na yenye ukubwa wa kilomita 169 za mraba.

Uhuru wa msafiri huyu unastahili kuchunguzwa kwa makini, kwani huanza kupungua kabla hajaondoka Kakamega. Manamba, yaani mpiga debe anayejaza matatu abiria, ndiye anayeamua gari litaondoka lini, na huapa kwamba limebakiza mmoja tu wakati viti vilivyo wazi vinaonekana kwa macho. Baada ya Endebess msafiri hupanda bodaboda, na mwendeshaji wake, akiwa amekwisha kuuliza mgeni anatoka wapi, ameoa au hajaoa na anatafuta nini huko juu, huwa na habari zake nyingi kuliko zilizomo katika kitambulisho. Langoni hulipa kiingilio kwa njia ya simu, ikiwa mtandao umekubali. Hatimaye hushauriwa aandamane na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa sababu mlimani kuna nyati, na nyati hajasoma chochote kuhusu kujitegemea. Kwa hiyo mtu aliyetoka nyumbani akitangaza kwamba anakwenda peke yake hufika kileleni akiwa amehudumiwa na watu wengi kuliko bwana harusi.

Lipo pia dai kwamba mlima huu hautembelewi. Ukweli ni kwamba watalii ndio wachache, bali wageni haujawahi kuwakosa. Mwishoni mwa mwaka 1883 alifika Joseph Thomson kutoka Uskoti, akakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao, akayakagua mapango hayo, kisha akakata kauli kwamba yalichimbwa zamani sana na taifa lenye nguvu na ustaarabu, pengine Wamisri, waliokuwa wakitafuta vito. Baadhi ya wachimbaji wenyewe hawakuwa mbali. Ni tembo, ambao huingia usiku katika pango la Kitum na kukwangua kuta kwa pembe ili wapate chumvi, na ambao wameendeleza kazi hiyo vizazi na vizazi. Mtaalamu anamheshimu sana Thomson, kwani alikosea kwa kujiamini na kitabu chake bado kinasomwa. Baadaye wakaja walowezi wa Trans Nzoia na vipimo vyao vya mashamba. Serikali ya kikoloni nayo ikawafuata hata waumini wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, walioutukuza mlima huo, na kuipiga marufuku dini yao mwaka 1948.

Sura inayofuata wataalamu wa vibanda vingine vya chai huiruka, au huisimulia ili kumtisha mwanafunzi alipe zaidi. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Chebyuk, ili kuwapa ardhi Wamosop, ambao pia hujulikana kama Waogiek, waliokuwa wakitolewa katika nyanda za juu za Chepkitale. Lakini mashamba yaligawanywa, yakafutwa na kugawanywa upya, huku majina yakiingia na kutoka katika orodha, na Wasoy, yaani Wasabaot wa nyanda za chini, nao wakidai haki yao. Kutokana na ugomvi wa awamu ya tatu ya mradi huo, mwaka 2006 liliibuka kundi la SLDF, lililojiita jeshi la kutetea ardhi ya Wasabaot, likawa linatoza kodi, kuhukumu, kuua, na kuwakata masikio waliolipinga. Machi 2008 jeshi la taifa liliingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na wanaume walikusanywa kwa maelfu na kupelekwa kambini, ambako wengi waliteswa na baadhi hawakurudi hadi leo. Watetezi wa haki za binadamu walikadiria kwamba zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo. Jina la operesheni, yaelekea, lilitungwa na mtu aliyekaa mbali na mlima, na hapo mtaalamu anamtambua mwenzake wa fani.

Kwa hiyo msafiri anayeketi Kapsokwony au Kopsiro, kwenye miteremko ya mlima huo, na kuuziwa viazi na mzee mwenye sikio moja, ambaye upande wa pili ameufunika kidogo kwa kofia ya sufu, anunue viazi, aseme asante mzee, wala asiulize. Akisimuliwa, asikilize hadi mwisho, na simu ikae mfukoni.

Kuhusu mapango, kanuni ni fupi. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya aliugua homa ya virusi vya Marburg baada ya kutembelea Kitum, akafa, na mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki naye akafa vivyo hivyo. Virusi hivyo huishi ndani ya popo wala matunda, ambao hulala mapangoni. Pango litazamwe kutoka mlangoni. Kinyesi cha popo kisiguswe hata na mwenye shahada.

Mengine ni madogo: sweta ni mbili, mvua huanza mchana, na mapango hayana soko la mandazi. Msafiri atakaporudi Iguhu anatakiwa kuwasilisha taarifa kamili kibandani, akieleza njia, nauli, hali ya hewa na urefu wa kilele, ili mtaalamu aipitie kwa kalamu nyekundu na kusahihisha kila mahali ambapo mlima umekwenda kinyume na mhadhara. Maswali yatapokelewa baada ya mtu mmoja kujitolea kulipia chai.