G7 Haituachii Tulale

Mume wangu ni mtunza stoo, na gitaa alilisoma vilevile anavyohesabu mali: ukurasa kwa ukurasa, kila kilichoonekana anakiwekea alama ya vema. Karatasi zenyewe zilikuwa fotokopi kutoka steshenari moja hapa Morogoro, picha za kodi za gitaa (za mwenye nyumba tulikuwa bado tunadaiwa), miraba yenye vidoa vinavyoonyesha kidole kikae uzi gani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na zile za kawaida: C, D, E, G, A. Huo tuliuvumilia. Balaa lilikuja na ukurasa wa pili, ambao kila herufi ilikuwa imefuatwa na 7.

Usiulize kwa nini mtu mzima anunue gitaa kwa hela iliyotengwa kwa ajili ya simtanki. Mimi niliuliza, nikajibiwa kwamba huu ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe, na kwamba Morogoro Jazz walifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Nikasema huko Osaka maji yanatoka bombani. Hakucheka.

Mwanzoni zile saba zilimpendelea. E7 ni E iliyopunguzwa kidole kimoja, A7 ni A iliyotolewa kidole cha katikati, na yeye ni mtu anayefurahi kazi ikipungua. Zote mbili zilipata vema kabla ya chai ya jioni. D7 ilimchelewesha kidogo, maana pembetatu ya vidole inageuka kutazama upande wa pili. Halafu akafika B7.

B7 inataka vidole vinne, na hata kile kidogo cha mwisho, ambacho maisha yake yote hakijawahi kutumwa, kinaitwa kazini. Siku hiyo nilikwenda kuchota maji kwa jirani nikamwachia maharage kwenye jiko la mkaa. Narudi na ndoo, naona moshi unatokea dirishani. Ndani nikamkuta kwenye kigoda, hatua mbili kutoka jikoni, mkono wa kushoto umeng'ang'ania shingo ya gitaa, jasho linamtoka.

"Baba watoto, maharage!"

"Nayaona."

"Sasa?"

"Nikiachia sitaipata tena. Ipua wewe, mimi nishikilie hapa."

Tulikula ugali na mchicha. Mchicha wenyewe niliuchambua mimi, nikaukata mimi, kwa sababu ncha za vidole vyake zilikuwa zimeota malengelenge na malengelenge hayo yakampa ED ya kazi zote za nyumbani. Hawezi kukamua nguo. Hawezi kumenya kitunguu. Nyuzi za chuma tu ndizo hazikumuuma.

Lakini maharage yanapikwa upya. Usingizi wa Mama ndio uliotushinda.

Mama mkwe alikuwa kwetu kutibiwa macho. Masikio yake hayakuwa na tatizo lolote. Ameimba alto kwenye kwaya ya usharika wa Kilutheri tangu usichana wake, na enzi macho yake yako sawa alisoma nota za solfa hata kwa mwanga wa kibatari. Mtu wa namna hiyo humfichi kitu.

Saa nne usiku, watoto wamelala, mwanawe yuko sebuleni na G7. Anapiga, anakaa kimya. Anapiga tena. Uzi mmoja unakoroma, anarekebisha kidole, anapiga. Hatimaye ikatoka safi, nyuzi zote sita zikalia, akaiwekea vema, akalaza gitaa juu ya kochi akaja kulala. Chumba cha pili kitanda kikagongagonga ukuta.

"Mwanangu," Mama akaita. "Imalizie."

"Nimemaliza, mama."

"Hujamaliza. Umeniachia fa hewani."

Nami nilikuwa nimelala chali nikitazama chandarua, moyo unadunda bila sababu, kumbe sababu ndiyo hiyo. G7 ni so, ti, re na fa. So na re hazina shida na mtu. Ti imebakiza nusu hatua ifike do. Fa imebakiza nusu hatua ishuke mi. Na zenyewe kwa zenyewe, zikigongana, hazielewani hata kidogo. Zote mbili zinadai kupelekwa. Kwenye gitaa fa hiyo inakaa uzi mwembamba kuliko wote, ndiyo inayosikika mwisho, ndiyo unayolala nayo.

Tukaishi hivyo. Yeye akipiga G7 na kunyamaza, Mama anamalizia kwa mdomo, popote alipo: "Miii." Akiwa anaota jua uani, mi. Akiwa na kipande cha muhogo mdomoni, mi. Kuna jioni ilitokea chooni. Watoto walikwenda shule wakiimba nusu ya kitu, na jirani wa upande wa mnazi akauliza juu ya ukuta, kwa adabu kabisa, kama hiyo nyimbo ina beti nyingine.

Mwishowe Mama akaja mwenyewe sebuleni, akaketi karibu naye kwenye kochi. Karatasi hakuiomba, asingeiona. Akavishika vidole vya mwanawe kimoja kimoja vikiwa juu ya nyuzi.

"Fa yangu inashikwa na kipi?"

"Hiki cha shahada. Uzi wa kwanza."

"Kisogeze uzi wa pili."

Akakisogeza. Uzi wa kwanza ulipoachiwa ukalia mi. Uzi wa pili, uliokuwa ukilia ti wenyewe bila kushikwa, ukawa do. Kidole kimoja, hatua moja, na wadai wawili wamelipwa. Vile vidole viwili vya juu navyo vikavuka uzi mmoja mmoja, vikija upande wa kukutana nacho, na hiyo ikawa C. C ileile ya ukurasa wa kwanza! Mume wangu akaitazama mikono yake kwa muda.

"Mbona karatasi haisemi?"

Karatasi iliweka C ukurasa huu na G7 ukurasa ule, na mtunza stoo harudii ukurasa uliokwisha kupigwa vema. Aliyeichora, kwa maoni yangu, hakuwahi kuishi nyumba moja na mtu mwingine.

Basi tukapata amani. G7, C. G7, C. Usiku, kodi ya mwisho ni C, na Mama anakoroma. Nilianza hata kusahau habari za simtanki.

Ndipo akaja kumjulia hali Mama mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi redio, ambaye ujanani alipiga gitaa la ridhim kwenye dansi. Akanywa chai, akasimulia santuri za GV zilizoleta muziki wa Kuba huku kwetu, akasema nyimbo kibao za dansi zilijengwa juu ya kodi tatu tu zinazozunguka. Kisha akamsikiliza mume wangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa hiyo C," akasema, "usiitoe. Iongezee kidole kidogo, uzi wa tatu, kichuma cha tatu."

Mume wangu akaongeza, akapiga.

Mama akakiweka kikombe chini. "Mbona do yangu imegeuka so?"

"Tumehama, mama," mzee akacheka. "Hiyo ni C7. Do sasa iko F."

"Haya. Tupelekeni F."

Mume wangu akapekua karatasi. F ilikuwa ukurasa wa tatu, peke yake, na kidole cha shahada kimelazwa juu ya nyuzi zote sita. Akakilaza, akakaza meno, akapiga. Zikatoka tap, tap, tap. Akajaribu tena, mzee akimkandamizia kidole kwa kidole chake. Tap.

"Hiyo F," mzee akasema akitafuta kofia yake, "ina miezi yake."

Alipokwisha kutoka, C7 ilirudiwa mara moja, kwa majaribio tu. Mama akanigeukia.

"Mwanangu, wale wa macho walisema nirudi lini?"

"Jumatatu, Mama."

"Nifungie begi langu kesho asubuhi. Waambie nitarudi F ikishapatikana."